Uliza mtungi ulijazwa lini: kwa wanaoanza kufuatilia sera ya nishati safi ya kupikia

Ukipangiwa kufuatilia Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, kitu cha kwanza utakachowekewa mezani ni orodha ya mitungi ya gesi iliyogawiwa. Iweke kando kwanza. Mkakati unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na kutumia si kumiliki. Mtungi wa kilo 6 uliotolewa kwa ruzuku mwezi wa tatu, ukienda mwezi wa sita unaweza kuukuta nyuma ya mlango, umeisha tangu wiki ya nne.

Sababu iko dukani. Mkaa unauzwa kwa kopo, hivyo aliyepata kipato cha leo ananunua moto wa leo. Gesi inataka hela ya kujaza yote kwa mkupuo. Kwa hesabu ya mwezi mzima gesi huenda ikawa nafuu, lakini fundi anayelipwa kwa siku hana hela ya mwezi mkononi. Na mara nyingi mwenye kununua kopo la mkaa si yule yule mwenye kutoa hela ya mtungi: kopo linatoka kwenye matumizi aliyoachiwa mama, mtungi unasubiri kauli ya baba. Kwa hiyo wahoji wote wawili, tena kila mmoja peke yake.

Usiulize "Mnatumia gesi?" Utajibiwa ndiyo, kwa heshima tu. Uliza: jana asubuhi mlipika nini, kwa moto gani? Mchana je? Usiku? Andika chakula kimoja kimoja. Mara nyingi utakuta chai na mayai kwenye gesi, maharage na makande kwenye mkaa. Hapo fomu yenye kisanduku kimoja cha "nishati kuu" inakupotosha, kwa sababu sufuria moja ya maharage inakula mkaa kuliko chai ya siku kadhaa. Kiafya pia, jiko la mkaa linalowaka saa tatu ndani ya chumba kimoja linaendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, hata pale moshi usipoonekana.

Kisha pima. Beba mizani ya kuning'iniza. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye kola yake, ule ukingo wa chuma wa juu: ikisomeka 7.2 na mizani ikaonyesha 10.1, gesi iliyobaki ni kilo 2.9. Pima mkaa uliopo siku hiyo hiyo, omba kila utakaonunuliwa uwekwe kando upimwe kabla ya kuwashwa, rudi kila siku saa ile ile kwa siku tatu mpaka saba. Usikubali "gunia" wala "ndoo" kama kipimo. Lumbesa ya soko hili si ya soko lile, na mkaa ulionyeshewa mvua una uzito wa maji. Andika pia walaji, si wanafamilia: mtoto chini ya miaka 15 hesabu 0.5, mwanamke 0.8, mwanaume wa miaka 15 hadi 59 hesabu 1, mzee wa kiume 0.8. Epuka Ramadhani na likizo za shule, isipokuwa ndizo unazozichunguza.

Kulinganisha gharama, linganisha joto linaloingia kwenye sufuria. Kilo ya mkaa ina kama megajuli 29, na jiko la kawaida linafikisha kwenye sufuria robo hivi: 7. Kilo ya gesi ina kama 46, jiko lake linafikisha zaidi kidogo ya nusu: 25. Kwa hiyo kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo tatu na nusu za mkaa. Weka bei za mtaa huo huo, wiki hiyo hiyo.

Umeme una mtego wake. Kaya iliyo kwenye kundi la D1, yaani la watumiaji wadogo wa majumbani, inalipa kama shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo, mradi isizidi uniti 75 kwa mwezi. Ikizidi, bei inapanda karibu mara tatu au zaidi. Jiko la presha linalokula uniti moja na nusu kwa siku ni uniti 45 kwa mwezi. Ongeza friji ndogo, kaya imetoka kwenye bei nafuu kwa kuitii sera. Hakiki viwango kwenye matangazo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kabla ya kuandika, halafu liseme wazi kwenye ripoti, maana wanaopanga bei ya umeme na wanaohubiri nishati safi huwa hawako kikao kimoja.

Kwenye taasisi, katazo la kuni na mkaa liliwekewa tarehe: 31 Januari 2024 kwa zinazolisha watu zaidi ya 100, na 31 Januari 2025 kwa zinazolisha zaidi ya 300. Ukifika shuleni, usiishie kupiga picha tangi jipya. Omba daftari la stoo na risiti za kujaza za mihula miwili. Shule ambayo kuni zililetwa na wanafunzi haikuwa na fungu la nishati kabisa. Gesi imeiletea bili ya fedha taslimu. Muulize mkuu wa shule bili hiyo inatoka kifungu gani cha bajeti, kisha nenda nyuma ya jiko uangalie kama kuna majivu mabichi.