Bosi anatuma meseji usiku: mimi nilianza kwa kuzihesabu

Mkuu, umeuliza ufanyeje bosi akituma meseji za kazi saa nne usiku, na nyumbani wameshachoka na simu yako. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Natoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Wateja wetu wengi wananunua Guangzhou, na kule wametutangulia saa tano: wakifungua ofisi saa mbili asubuhi, kwetu ni saa tisa usiku. Grupu la kazi halilali. Kontena likipitisha siku za bure gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabiwa, basi kila simu ikilia nilikuwa naona pesa ya mtu inateketea.

Kilichonishtua ni binti yangu wa darasa la tatu. Jioni moja nimekaa sebuleni, ikaingia sauti kutoka namba ya mama yake: "Baba, njoo unisaidie hesabu za kugawanya." Alikuwa chumbani, mlango wazi. Nikamuuliza mbona hukuniita? Akasema, "Nimekuita mara mbili. WhatsApp ndiyo unajibu." Sikulala vizuri siku hiyo.

Walioshauri uzime simu, mimi nilijaribu. Usiku wa pili tu hati ikahitaji kusahihishwa, dereva akalala getini, lawama zote zangu. Ndipo nikachukua daftari nikaandika kila meseji ya kazi iliyoingia baada ya saa kumi na mbili jioni. Wiki mbili, meseji 63. Zilizohitaji jibu usiku uleule zilikuwa 4. Nyingi za zilizobaki ni "umefikia wapi?"

Nikampelekea bosi daftari asubuhi, ana kwa ana, si kwenye grupu. Nikamwomba: la dharura apige, lisilo la dharura aandike, nitalijibu saa moja asubuhi. Nikanunua kiswaswadu; namba yake anayo yeye na dereva tu. Simu kubwa inakaa kwenye droo jikoni mpaka mtoto alale. Hakukubali siku hiyo. Alikubali baada ya kunipigia saa sita usiku nikapokea mlio wa pili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla hujaanza kazi tena. Isome, ila kama unasimamia wenzako na unaripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu, vifungu hivyo vya saa havikuhusu. Mimi sikuitaja, daftari lilitosha.

Mteja mmoja alihama kwa sababu ya utaratibu huu, na kamisheni yake ilikuwa nzuri. Iliniuma. Na kuhusu simu za kazi Jumapili, bado mimi na mke wangu hatujaelewana.

Ukianza daftari, andika pia meseji unazotuma wewe. Kati ya zile 63, 21 zilikuwa majibu ya mazungumzo niliyoyaanzisha mimi.