Mshono wa muundi wenye pleti bado unalowa siku ya 8: tusafishe hapa au tumpe rufaa?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya. Nina kijana wa miaka 26 aliyevunjika muundi kwenye ajali ya bodaboda, akawekewa pleti na skrubu (vyuma vya kushikilia mfupa) hospitali ya rufaa. Leo ni siku ya 8. Kila siku shashi inalowa majimaji ya pinki, na ncha ya chini ya mshono ina wekundu. Hana homa. Mwenzangu anashauri tumwagie hidrojeni peroksaidi, tutoe nyuzi mbili ili kidonda kipumue, na tumpe Ampiclox, antibiotiki ya kumeza, siku 7. Tufanyeje?

JIBU: Pole na kazi, muuguzi. Mgonjwa huyu arudi kwa daktari wa mifupa aliyempasua, leo au kesho asubuhi, akiwa na nyuzi zake zote na bila kuanzishiwa antibiotiki. Sababu nazieleza ili nawe uweze kumweleza mwenzako na ndugu wa mgonjwa, maana safari ya rufaa ina gharama na watauliza.

Pitisha kidole mbele ya muundi wako mwenyewe, upande wa ndani. Hakuna nyama pale: ni ngozi, mafuta kidogo, kisha mfupa. Pleti ikikaa hapo, kati ya chuma na shashi yako pana milimita chache tu. Mshono wa paja ukilowa, walau kuna misuli minene inayokinga mfupa. Muundi hauna kinga hiyo. Ncha ya chini, karibu na kifundo, ndiyo dhaifu zaidi, kwa kuwa damu hufika kwa shida na kila mara mgonjwa anapokunja kifundo ngozi ile inavutwa.

Mshono unaopona vizuri hutoa damu kidogo saa 48 za mwanzo, kisha doa kwenye shashi linapungua siku hadi siku. Baada ya saa 72 doa lisizidi ukubwa wa sentimita 2 kwa 2, na kufika siku ya 5 shashi iwe kavu. Wa kwenu umepita hapo. Majimaji yenyewe huenda ni damu iliyoganda chini ya ngozi ambayo sasa inayeyuka. Hutoka kama maji yaliyooshewa nyama, hayanuki, na ndiyo maana watu hutulia. Lakini kitundu kinachotoa maji nje ndicho hicho hicho kinachopitisha bakteria ndani.

Bakteria wakifika kwenye chuma hujishikiza na kujijengea utando mtelezi. Ndani ya utando huo antibiotiki haiwapati ipasavyo, na kinga ya mwili vilevile. Katika wiki chache za mwanzo daktari anaweza kufungua, kuosha, kukata nyama iliyokufa na kuiacha pleti mahali pake. Utando ukishakomaa, mara nyingi vyuma hutolewa, na kijana anaingia kwenye upasuaji wa pili, wa tatu, pengine mfupa haujaunga. Siku 7 za Ampiclox ni siku 7 zinazoliwa kutoka kwenye muda huo. Kidonge hufifisha wekundu, kila mtu anafurahi, huku chini tatizo likiendelea. Tena huharibu vipimo: nyama itakayochukuliwa chumba cha upasuaji inaweza isioteshe bakteria wowote maabara, na daktari akabaki anabahatisha dawa.

Hidrojeni peroksaidi iacheni kabisa. Povu lile huua pia seli changa zinazofunga kidonda, na ikimwagwa kwenye uwazi uliofungika gesi yake inaweza kuingia kwenye mshipa wa damu. Nyuzi nazo msiziguse. Kidonda hakihitaji kupumua, na mkifungua milimita 10 za ngozi juu ya pleti mnaweza kuiacha wazi. Nyuzi za muundi hutolewa kuanzia siku ya 14 hivi, na mshono ukiwa mkavu.

Mnachofanya leo kabla hajaondoka ni hiki. Nawa mikono kwa sabuni sekunde 40 hadi 60. Toa shashi, ikiwa imegandamana ilowanishe kwa normal saline (maji ya chumvi) ya dripu, usiivute. Iangalie kabla ya kuitupa: doa lina upana gani, rangi gani, lina harufu? Matone yanayong'aa kama mafuta juu ya damu huweza kutoka kwenye uboho wa mfupa, yaandike. Vaa glavu safi za upasuaji, futa kwa saline kutoka kwenye mshono kuelekea nje, shashi moja mfuto mmoja, kisha kausha. Msikamue. Bonyeza taratibu pembeni kwa vidole viwili, ukisikia kitu kinachezacheza chini kama maji ndani ya mfuko, andika. Zungushia wekundu mstari wa kalamu, weka tarehe na saa juu ya ngozi hapo hapo. Mstari huo utamwambia daktari mengi kuliko neno "wekundu kiasi". Funika kwa shashi kavu tabaka kadhaa na bandeji isiyobana. Mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo, na kifundo kitulizwe kwa banzi la nyuma. Shashi ikilowa hadi tabaka la nje, badilisha mara moja.

Kukosa homa kusiwafariji, maana maambukizi ya kwenye chuma mara nyingi huja bila homa. Pimeni joto, mapigo, presha na sukari. Sukari ikizidi milimoli 10 kwa lita, waambieni hospitali ya rufaa mapema. Kama mnaweza kupima CRP, kipimo cha damu cha uvimbe na maambukizi, jueni hupanda hadi kilele siku ya 2 au ya 3 baada ya upasuaji kisha hushuka. Ikipanda tena, hiyo ni kengele. ESR, kipimo kingine cha damu cha aina hiyo, haisaidii sana sasa, kwani hubaki juu wiki nyingi kwa sababu ya upasuaji wenyewe. Msichukue swabu (sampuli ya kufuta kwa kijiti cha pamba) ya juu ya kidonda, mtaotesha bakteria wa ngozi. Vipande 5 vya nyama ya ndani, kila kimoja kwa kifaa chake safi, ni kazi ya chumba cha upasuaji.

Ipo hali moja inayobadilisha agizo la antibiotiki. Homa ya kuanzia 38.5, mapigo zaidi ya 120, presha kushuka au mgonjwa kuchanganyikiwa: hapo chukueni damu ya kuotesha kama mnaweza, anzeni antibiotiki ya mshipani kwa mwongozo wenu, wekeni dripu, na gari liondoke saa ile ile.

Kwenye barua ya rufaa andikeni tarehe ya upasuaji, aina ya chuma, kama mfupa ulitokeza nje siku ya ajali, siku ambayo majimaji yalianza, antibiotiki zote alizokwisha kumeza hata za dukani, na kama anavuta sigara. Hata akirudi kwenu mshono ukiwa mkavu, mfuatilieni hadi siku ya 90. Maumivu yanayoanza upya kwenye muundi uliokuwa umetulia yatosha kumrudisha kwa daktari.