Baba Mtoto Anauogopa Mpira wa Kulishia

"Shangazi, mwanangu wa kiume ana miezi mitano. Alizaliwa mimba ikiwa na wiki 28. Tumeruhusiwa kuja nyumbani na mtungi wa oksijeni na mpira wa kulishia unaopita puani. Kila kitu nafanya mimi. Mume wangu hajamlisha hata siku moja, anasema anaogopa kumuua. Wifi yangu alikuja kusaidia, akamshika mtoto bila kunawa, nikamfukuza. Binti yetu wa miaka minne ameniuliza mtoto atarudishwa lini hospitali. Na huyu mdogo hata shingo haijakaza. Usiku mwingine nalia na kutamani nisiamke. Je, nimeolewa na mtu asiye na moyo? – Mama Wawili"

Mama Wawili, naanza na hilo la kutamani usiamke; mume atasubiri. Mwambie daktari au nesi leo hii, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, na usiku usibaki peke yako. Sonona baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi, na waliojifungua njiti huwapata zaidi. Inatibika.

Sasa mumeo. Moyo anao, ninavyomsoma mimi. Mafunzo hana. Wodini anayefundishwa mara nyingi ni mama, kwa kuwa ndiye anayelala pale. Baba hutumwa dawa na kulipa bili. Mkafika nyumbani, akakuona unavuta maji ya tumboni kwa bomba la sindano, akajiambia hii kazi ya wataalamu. Nawe, mwanangu, ukamwacha aamini hivyo. Tena hofu yake ina msingi: mpira ukihama, maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mimi nisingemkabidhi bomba mtu asiyeogopa.

Kwa hiyo kliniki ijayo nendeni wote wawili, na mtoto alishwe na baba yake mbele ya nesi. Si kutazama, kulisha. Ajifunze kupima kila mara kabla ya maziwa kwamba mpira uko tumboni. Kama mnatumia karatasi za kupimia asidi, kwa kawaida zinatakiwa zisome 5.5 au chini. Ikizidi, halishi, anapiga simu mliyopewa. Mtoto akikohoa au kubadilika rangi katikati ya mlo, anaacha hapohapo. Kipimo cha oksijeni hakigusi bila agizo la daktari, na karibu na mtungi hapakai sigara, mshumaa wala jiko. Hata mafuta ya mgando asimpake puani, kwa sababu yanaweza kushika moto penye oksijeni.

Akishaiva, gawaneni usiku. Wewe unahitaji saa nne au tano mfululizo, chumba kingine, na kwa sasa mtu wa kulala nawe humo. Nepi ataifunga upande. Nyamaza.

Jambo moja lisisubiri zamu ya mtu wala kikao cha familia: midomo kuwa ya bluu, kifua kubonyea ndani akivuta pumzi, kuguna kila anapoitoa, pumzi kupita 60 kwa dakika akiwa ametulia, joto la 38 au zaidi, au chini ya 35.5, degedege, kulegea. Lolote kati ya hayo ni hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu shingo, punguza hesabu. Mwanao aliwahi wiki 12, kwa hiyo kwa makuzi mhesabu kama mtoto wa miezi miwili na kidogo, na wa umri huo wengi bado shingo haijakaza. Hata hivyo mwonyeshe daktari. Chanjo ndizo zinazofuata tarehe aliyozaliwa, isipokuwa daktari aseme vingine. Usizicheleweshe kwa kumwona mdogo.

Wifi ulimzuia kwa haki, ukamfukuza bure. Kunawa kwa sabuni ni sharti, na mwenye mafua haingii hata akiwa bibi mzaa baba. Lakini mwanamke aliyekuja mwenyewe kusaidia unamfukuzaje? Mpigie, umwombe radhi kwa ile sauti, umwambie sharti, kisha umpe kazi isiyohusu mpira: afue, apike, amshike mdogo amelala ili wewe ukae nusu saa na binti yako bila kutazama mtungi. Swali la yule mtoto si roho mbaya. Alichoona ni kwamba mdogo alipokuwa hospitali, nawe ulikuwa huko. Sasa mmerudi wote na bado hakupati. Mjibu ukweli: mtoto harudishwi, na kila siku saa fulani ni yenu wawili. Saa hiyo ndiyo ya wifi kuanza zamu.