Ukimeza warfarini, ogopa duka la dawa kuliko dodo

Hapa Uganda, mtu akitoka hospitali na karatasi ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, onyo analofika nalo nyumbani ni moja tu: usile mboga za majani. Pengine ameambiwa na muuguzi aliyekuwa na foleni ndefu, pengine na jirani. Mimi nina vali ya bandia moyoni, dawa hii naimeza kila usiku na nitaimeza maisha yangu yote. Dodo, yaani mchicha, nakula. Nakati, mboga nyingine ya majani, nakula. Sukuma wiki ndiyo usiseme.

Nianze na sababu ya kuimeza. Vali yangu ya asili iliharibika kwa ugonjwa unaoanzia kooni utotoni: koo linauma, halitibiwi kwa penisilini, na kinga ya mwili iliyoinuka kupambana na vijidudu inageuka kuushambulia moyo. Watoto wengi wa Kiafrika wanaupata bado, na wengi wanaokaa kwenye mabenchi ya Taasisi ya Moyo kule Mulago wamefika kwa njia hiyohiyo. Vali mpya tunaiita ya chuma, ingawa sehemu kubwa ni kaboni. Damu ikipita juu ya kitu kisicho cha mwili, hutaka kuganda. Donge likikaa kwenye vali, vali inakwama. Likichomoka likapanda ubongoni, ni kiharusi.

Kipimo kinachotuongoza ni INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Mtu asiyemeza dawa hii ana 1 hivi. Aliyepata donge la damu mguuni kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2 na 3, na mwenye vali ya bandia ya mitrali kama yangu, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, unaogopa donge. Ikipanda sana, unaogopa kuvuja damu. Kila mmoja wetu anapaswa kuijua namba yake kama anavyojua namba ya simu yake, na ukiniuliza wewe unatakiwa uwe ngapi ukaniambia "daktari ndiye anajua", nitakurudisha kliniki ukaulize.

Sasa mboga. Ini linatumia vitamini K kutengeneza protini nne za kugandisha damu, zile zinazoitwa namba II, VII, IX na X. Warfarini inaubana mzunguko wa vitamini hiyo, protini zinapungua nguvu. Mboga za kijani zina vitamini K nyingi, kwa hiyo ni kweli zinavutana na dawa. Lakini daktari amekupangia miligramu zako huku ukila unavyokula. Kama kwako sahani ya jioni ina dodo siku zote, dozi yako imeshaihesabu hiyo dodo. Matatizo yanaanza pale unapoacha mboga ghafla kwa woga, INR ikapaa, au unapokwenda kijijini msimu wa mvua ukala mboga asubuhi na jioni wiki nzima, ikaporomoka. Kula kiasi kilekile, basi. Mwezi wa Ramadhani mimi hula futari ya kawaida na dawa naimeza usiku saa ileile, na sijaona kwamba funga inanivuruga kuliko safari za harusi.

Kinachonitisha ni lile duka la dawa la kona. Sisi huku hatuna subira na daktari. Tumbo likisokota tunaingia dukani, yule kijana tunayemwita musawo, yaani daktari, anafungua kopo, anahesabu vidonge vya Flagyl, dawa ya kuua vijidudu vya tumbo, ndani ya kikaratasi, tunaondoka. Kwa mtu wa kawaida, pengine hakuna neno. Kwa mtu wa warfarini, Flagyl inaweza kuipandisha INR vibaya ndani ya siku chache, kwa sababu inalizuia ini lisiivunje warfarini. Septrin, dawa nyingine ya kuua vijidudu, vilevile. Flukonazoli, ile ya fangasi, vilevile. Jirani yangu mmoja anayemeza warfarini alipewa Flagyl ya kuhara na mwuza dawa ambaye hakumuuliza kitu, naye alikuwa hali chakula kwa sababu ya kuharisha kwenyewe, na kutokula nako kunaipandisha INR. Alianza kutokwa damu puani ikakataa kukoma. Hospitali walimpa vitamini K, ambayo ndiyo dawa ya kuipinga warfarini, akapona. Wala hakuwa amekula jani lolote la kijani.

Septrin naisisitiza kwa sababu miongoni mwa ndugu zetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wapo wanaoimeza kila siku. Haina maana waiache. Maana yake ni kwamba anayekupangia warfarini lazima ajue unaimeza, na siku ukianzishwa au ukiachishwa, upimwe upya mapema. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume: inaiunguza warfarini mpaka dozi inahitaji kuongezwa sana, na ukimaliza matibabu ya kifua kikuu bila kurudishiwa dozi ya zamani, hatari inageuka upande wa pili.

Halafu kuna dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na asipirini hata zisipoigusa namba yako ya INR zinakuongezea hatari ya kuvuja, hasa tumboni. Wapo wanaopewa asipirini na daktari wao makusudi. Hiyo ni habari nyingine. Mimi kichwa kikiuma ni parasetamoli, na hata hiyo si ya kumeza dozi nzima kila siku wiki nenda wiki rudi. Kuhusu chupa za miti shamba za sokoni, sigombani na bibi wa mtu, ila chupa haiandikwi kilichomo, kwa hiyo daktari hana cha kukokotoa.

Vidonge vyenyewe vina mtego. Usivijue kwa rangi. Kwa mpango wa Uingereza kidonge cha waridi ni miligramu 5. Kwa mpango wa Marekani cha waridi ni miligramu 1. Soma namba kwenye pakiti kila unaponunua, na kataa vilivyohesabiwa ndani ya kikaratasi kisicho na jina. Ukisahau dozi ukaikumbuka siku hiyohiyo, meza. Ukiikumbuka kesho yake, iache, usimeze mbili.

Watu watakuambia unakula sumu ya panya. Ni kweli, na hupaswi kubishana nao. Ilianzia kwa ng'ombe wa Marekani na Kanada waliokuwa wakivuja damu baada ya kula majani yaliyooza, ikauzwa kama sumu ya panya kuanzia 1948, na mwaka 1955 rais wa Marekani, Eisenhower, akapewa baada ya shambulio la moyo. Kiasi ndicho kinachotofautisha. Na ukisikia kuna vidonge vipya visivyohitaji kupimwa INR, vipo, vinawafaa wengi wenye donge la mguu, lakini wenye vali ya chuma kama mimi hatupewi.

Wengi wetu bado tunachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, ile ya kulinda moyo, nayo inaingia kwenye msuli. Mwambie muuguzi kabla hajavuta dawa kwamba unameza warfarini, muonyeshe INR yako ya karibuni, kisha mpabane palipochomwa kwa pamba kwa muda mrefu, msipasugue.

Dada zangu wa umri wa kuzaa, hili mama mkwe hatawauliza, semeni wenyewe. Warfarini inapita kwenye kondo la nyuma, na hatari ya kumlemaza mtoto ni kubwa zaidi kati ya wiki ya 6 na ya 12, wakati ambao wengi ndiyo kwanza wanagundua wana mimba. Kuiacha kimyakimya nako kunaweza kuizima vali. Ipo heparini ya sindano, haipiti kwa mtoto, lakini mpango wake unatakiwa ufanywe kabla ya kushika mimba, kliniki ya moyo na ya uzazi wakizungumza. Baada ya kujifungua, warfarini haikukatazi kunyonyesha. Na hedhi ikiwa nzito mpaka unabadilisha pedi kila saa, usiseme ni mambo ya kike. Nenda ukapimwe INR na wingi wa damu.

Mengine ya kukupeleka hospitali siku hiyohiyo: choo cheusi kama lami (vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya cheusi, kwa hiyo ukivimeza vitaje), mkojo mwekundu, kichwa kuuma kwa namna usiyoizoea, mkono au mdomo kulegea. Ukianguka kwenye boda ukagonga kichwa, nenda hata kama umesimama mwenyewe na kujipangusa vumbi, kwa sababu damu ndani ya fuvu inaweza kuchukua saa nyingi kujionyesha. Mimi kadi yangu yenye jina la dawa, dozi na aina ya vali inakaa nyuma ya simu, ndani ya kava, mahali ambapo hata mwendesha boda ataiona.