Subaru Ikigonga Asubuhi, Mkanda Mpya Hautoshi

Wiki hii msomaji wa mtaa wa Zimmerman, Nairobi, ametutumia rekodi ya sauti ya sekunde kumi na moja. Ni Forester yenye injini ya EJ20, imewashwa alfajiri: ta-ta-ta-ta kutoka mbele ya injini, kisha kimya. Chini yake ameandika: "Fundi amenibadilishia mkanda wa taimingi mwezi wa tatu, bado inagonga. Anasema ni kawaida ya Subaru."

Ndugu, si kawaida ya Subaru. Hiyo ni tenshona, kifaa kinachoukaza mkanda wa taimingi, na haielekei kwamba ilibadilishwa siku ile.

Kosa hili lina asili yake. Mafundi wengi wa hapa Nairobi walijifunzia kazi ya taimingi kwenye Toyota, hasa ile Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE. Pale tenshona ni puli na springi: unalegeza bolti, springi inavuta, unakaza, basi. Na mkanda ukikatika Thika Road, gari linazimika tu. Linavutwa, linafungwa mkanda mwingine, jioni uko nyumbani, kwa sababu valvu na pistoni za injini ile hazifikiani. Injini nyingi za EJ za Subaru zilizoko barabarani kwetu hazina huruma hiyo. Mkanda ukiruka meno ya kutosha, valvu hukutana na pistoni, zinapinda, na hedi (vifuniko vya silinda) lazima zishuke. Mkono uliozoea 110 ukiingia kwenye EJ hubadilisha kile unachokijua, yaani mkanda, na kuacha kile kinachouua.

Tenshona ya EJ ni ya haidroliki. Ndani ya kile kichupa cha chuma mna springi na oili, na fimbo inayosukuma mkono wenye puli. Puli ndiyo inayoukandamiza mkanda. Oili hiyo ni yake yenyewe, haitoki kwenye injini, kwa hiyo anayekushauri uweke oili nzito ili kelele iishe anakupotezea pesa. Sili ya fimbo ikichoka, oili huvuja kidogo kidogo. Gari likilala, fimbo inapoteza nguvu. Ukiwasha, mkanda unapigapiga na fimbo inagongwa kama nyundo mpaka itulie. Mwanzoni ni sekunde mbili. Baada ya miezi kadhaa ni sekunde kumi. Ikifika hatua ya kugonga hata injini ikiwa moto, acha kuliendesha.

Kwanza hakikisha unayo EJ. Impreza na Forester nyingi za kuanzia 2012 zina injini ya FB, ambayo hutumia cheni, na makala haya hayakuhusu. Ukiwa nayo EJ, tafuta kwenye kava ya taimingi au chini ya boneti kibandiko cha Kijapani chenye tarehe na kilomita: ndicho walichokiacha wenye gari wa kwanza walipobadilisha mkanda. Kule Japani mkanda huu hubadilishwa kila km 100,000. Kama kibandiko hakipo na unategemea kilomita za dashibodi peke yake, chukulia kwamba haujawahi kubadilishwa. EJ za kawaida zilizopo mjini sasa zimezidi miaka kumi, na raba na grisi huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Sasa uchunguzi. Unataka injini baridi kabisa, iliyolala usiku mzima. Baridi ya Julai ni msaada mkubwa. Acha boneti wazi, mwombe mtu awashe, wewe usimame mbele ukiwa na bisibisi ndefu. Weka ncha kwenye kava ya taimingi na mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Mlio wa kugonga wa tenshona husikika mkavu na wa haraka, mahali pamoja, karibu na kava. Ukisikia zaidi kwenye bloku, pembeni, na unafifia polepole jinsi injini inavyopata moto kwa dakika kadhaa, huenda ni pistoni inayopiga ukuta wa silinda, ugonjwa unaojulikana sana kwenye EJ25. Ukiwa ni tiki-tiki ya pumzi karibu na ekzosi, angalia gasketi ya manifoldi kabla hujanunua chochote.

Kama si mlio wa kugonga bali ni wa kuunguruma au kulia unaopanda na mwendo wa injini, hapo ni beringi, na beringi ziko nyingi. Ondoa mikanda ya nje, ule wa alteneta na wa eyakondishena, kisha washa kwa nusu dakika. Kwenye EJ pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo maji yanaendelea kuzunguka. Utakachokosa ni chaji na pawa steringi. Mlio ukiisha, shida iko nje: alteneta, kompresa au puli za nje. Ukibaki, uko ndani ya kava: puli ya tenshona, idla (puli zinazouongoza mkanda), au pampu ya maji yenyewe.

Usiishie kwenye sikio. Kava ya pembeni hufunguka kwa bolti chache za 10, na tochi itakuonyesha mengi: mwili wa tenshona ulioloa oili, mkanda uliong'aa ukingoni, vumbi jeusi la raba. Utando mwembamba wa oili kwenye fimbo si kosa. Oili iliyotiririka na kushika vumbi ni kosa.

Kununua. Usinunue tenshona peke yake isipokuwa mkanda na idla vina rekodi ya juzi. Nunua seti: mkanda, tenshona, idla zote, zile laini na ile yenye meno, pamoja na pampu ya maji na gasketi yake. Kirinyaga Road na Grogan utapata kila kitu, cha kweli na cha uongo kwenye rafu moja. Majina ya kutafuta ni NTN au Koyo kwa beringi na tenshona, Aisin kwa pampu, Mitsuboshi au Gates kwa mkanda. Usiamini boksi; jina la mtengenezaji huwa limechorwa kwenye chuma. Na angalia jambo dogo ambalo wauzaji wengi hawalijui: tenshona mpya huja ikiwa imebanwa, na pini nyembamba imepita kwenye tundu lake. Ukipewa isiyo na pini, fimbo imechomoza, mtu ameshaichezea. Irudishe. Ile ya mitumba kutoka Japani tuiache kabisa. Hujui imefanya kilomita ngapi, na kazi ya kuirudia ni ileile.

Vifaa: soketi za 10, 12, 14 na 22, mpini mrefu wa kufungulia bolti ngumu, spana ya toki, koleo, na sehemu tambarare. Ukiishi kwenye fleti, ongea na mwenye jengo mapema; kazi hii kwa mara ya kwanza ni siku nzima, na gari lililovuliwa rejeta haliwezi kusogezwa kwa sababu mtu anataka kutoka.

Kama injini yako ina kemu (mihimili inayofungua valvu) mbili kila upande, yaani puli nne za kemu badala ya mbili, usijifunzie hapo. Kemu za upande mmoja hukaa chini ya nguvu ya springi za valvu, zikiteleza zinaruka zenyewe, na valvu zinaweza kugongana. Yanayofuata ni ya kemu moja kila upande.

Toa betri. Mwaga maji ya rejeta, toa feni, na ukiweza toa rejeta lote; nafasi utakayopata inafaa usumbufu wake. Bolti ya 22 ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ndiyo itakayokusumbua. Kwenye gari la gia za mkono, weka gia ya juu na mtu akanyage breki. Kwenye otomatiki, kuna tundu lenye kifuniko cha raba juu ya makutano ya injini na gia boksi, ambapo flaiwili, ile sahani yenye meno nyuma ya injini, huzuiliwa. Ile mbinu ya kuegemeza mpini chini na kupiga starta waachie wenye bima ya mikono.

Kabla ya kutoa mkanda, zungusha krenki kwa mkono, kwa mwelekeo wake wa kawaida, mpaka alama zote tatu zikae. Kemu zote mbili alama zake ziko juu, zikitazamana na vikato vya kava ya nyuma. Sasa krenki, na hapa tusome polepole. Kwenye uso wa puli ya meno ya krenki kuna mshale. Unavutia macho, na si wenyewe. Alama unayotaka ni mstari mdogo ulio nyuma, kwenye mojawapo ya vile vijino vinavyosomwa na sensa, utazamane na alama ya kwenye bloku juu. Ukifuata mstari huo, pistoni zote ziko katikati ya silinda na hakuna kinachoweza kugonga. Ukifuata mshale, umekosea kwa nyuzi 90 za krenki, na valvu zitalipa.

Alama zikishakaa, fungua bolti ya 14 ya tenshona, toa mkanda, toa idla moja moja. Zungusha kila beringi kuukuu kwa kidole hata kama unaitupa, ujifunze. Nzuri huzunguka kimya na kwa uzito kidogo. Inayozunguka muda mrefu kama gurudumu la toroli tupu imekauka grisi. Inayokwaruza ndiyo iliyokuwa ikilia. Chunguza pia sili za kemu na krenki. Zikivuja, zibadilishe leo, maana oili hulainisha raba ya mkanda mpya na kuufupishia maisha.

Tenshona kuukuu ukitaka kuipima, isimamishe na usukume fimbo yake sakafuni kwa mikono miwili, kwa nguvu ya kilo 30 hivi. Ikizama, imekufa.

Fundi aliyebadilisha mkanda na kuirudisha tenshona ileile alilazimika kuibana upya, na hapa ndipo nyingi huuawa. Fimbo hubanwa kwa jiriwa, tenshona ikiwa imesimama wima, polepole, dakika 3 au zaidi, mpaka tundu la pini lionekane. Akiilaza, au akikaza jiriwa kwa sekunde kumi kwa sababu kuna gari jingine nje, oili inalazimishwa kupita kwenye sili na sili inachanika. Inafungwa, injini inawaka vizuri, mteja analipa. Ta-ta-ta inaanza wiki ya pili. Dada au kaka uliye kwenye hali hiyo, muulize fundi wako swali moja tu: uliibana kwa dakika ngapi? Uso wake utakujibu.

Kufunga ni kinyume cha kufungua. Pampu kwanza, kwa Nm 12 (kipimo cha nguvu ya kukaza, kinachosomwa kwenye spana ya toki). Idla na tenshona ni Nm 39, na usikaze kwa kukisia, maana bolti hizi zinaingia kwenye alumini na nyuzi zake zikichanika kazi inakuwa nyingine. Pini ibaki ndani. Vaa mkanda kwa kufuata mshale wa mwelekeo. Mstari wa nukta uliochorwa kwenye mkanda ukae kwenye krenki, mistari mizima kwenye kemu. Wengi huacha idla moja ya chini, upande wa pampu, ifungwe mwisho, kwa sababu mkanda mpya ni mgumu na hiyo inatoa nafasi. Gari la gia za mkono lina kijisahani cha kuzuia mkanda usiruke karibu na krenki. Kirudishe na uache mwanya wa mm 1 hivi kati yake na mkanda. Mafundi hukitupa wakidhani ni cha ziada.

Hakiki alama zote tatu mara mbili, ndipo uvute pini kwa koleo. Subiri dakika chache tenshona ijaze. Zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili. Ukihisi kizuizi kigumu, simama hapo hapo, usilazimishe. Alama za chuma lazima zirudi mahali pake. Mistari iliyo kwenye mkanda haitarudi, na haitakiwi kurudi. Wapo waliofungua kazi nzuri kabisa kwa sababu ya mistari hiyo.

Bolti ya krenki: injini za zamani ni karibu Nm 127, za baadaye hufika karibu 180, kwa hiyo fuata mwongozo wa injini yako. Ikilegea, puli hutikisika na kuila ncha ya krenki.

Rudisha maji, lita 6 hadi 7, ukimimina polepole, kisha acha injini ifanye kazi hita ikiwa imefunguliwa mpaka feni ziwake. EJ hushika hewa kwa urahisi, na hewa hiyo ndiyo hupandisha joto siku ya pili kwenye foleni ya Waiyaki Way. Mlio wa kugonga wa sekunde chache mara ya kwanza kuwasha usikutishe. Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, ongeza maji yaliyoshuka, andika tarehe na kilomita kwenye kava kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha mwombe mtu awashe huku bisibisi iko sikioni.