Maswali na majibu: Juni 30 na hesabu ya viti

Kila Juni inapokaribia, maswali ya uhuru wa Kongo hujaa kwenye simu yangu. Mengi yanatoka hapa Lubumbashi, mengine Likasi na Kipushi. Nimeacha yale ya nani anafaa kuwa gavana leo. Haya ni ya 1960, mwaka tulipopata uhuru kutoka Ubelgiji Juni 30, na miaka iliyoizunguka.

Mwalimu, hapa Kamalondo hatuishi kubishana: aliyetuletea uhuru ni Lumumba au Kasa-Vubu?

Kasa-Vubu na ABAKO, chama chake cha Bakongo, walitangulia. Mwaka 1956 walishadai uhuru wa mara moja, wakati wasomi wetu wengi bado walikuwa wanaomba tu mshahara na heshima sawa na za Wazungu. Lumumba alianzisha chama cha MNC Oktoba 1958, akaenda mkutano wa Afrika nzima huko Accra Desemba mwaka huohuo, akarudi akilibeba dai hilo nchi nzima bila kulifunga kwenye kabila moja. Kila mmoja alifanya kazi ambayo mwenzake asingeiweza.

Lakini Wabelgiji hawakutishwa na hotuba. Januari 4, 1959, mkutano wa ABAKO ulipozuiwa mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, watu waliingia barabarani na askari wakapiga risasi. Makumi waliuawa kwa hesabu ya serikali, na wengi hawakuiamini hesabu hiyo. Siku tisa baadaye Mfalme Baudouin akatangaza kwamba Kongo itapewa uhuru, bila kusema lini. Kisha wanavijiji wa Bas-Congo, kwao ABAKO, wakakataa kulipa kodi na kuhesabiwa, na Desemba wakasusia uchaguzi. Bulamatari, yaani serikali ya kikoloni, alibaki na ofisi na mihuri, watu hana. Mkibishana tena, hao nao muwatie kwenye hesabu.

Nasikia Lumumba aliwahi kufungwa hapa kwetu Likasi. Ni kweli au ni hadithi za wazee?

Ni kweli. Mji wenu uliitwa Jadotville. Alikamatwa baada ya fujo za Stanleyville (Kisangani ya leo) mwishoni mwa Oktoba 1959, na Januari 21, 1960 akahukumiwa miezi 6. Ila siku moja kabla ya hukumu, Table Ronde, mkutano wa Wabelgiji na Wakongo kuhusu uhuru, ilikuwa imeshafunguliwa Bruxelles, na wajumbe wa Kongo waliokaa pale, hata wapinzani wake, wakasema bila Lumumba hakuna mazungumzo. Ikabidi atolewe Jadotville, apandishwe ndege. Kwenye picha za Bruxelles anainua mikono juu, vifundo vimefungwa bandeji mahali pingu zilipomkata.

Wazee wenu wamesema kweli, basi. Na mpaka leo nastaajabia ule msimamo wa wajumbe kuliko kitu kingine chochote cha Table Ronde. Vyama vilivyokuwa vinachukiana vilikuwa vimeunda kauli moja kabla ya kukaa mezani, ndiyo maana tarehe ya Juni 30 ilipatikana ndani ya wiki moja tu. Umoja wenyewe haukudumu hata mpaka uchaguzi wa Mei.

Mimi niko sekondari ya tano. Kitabu kinasema Lumumba alishinda uchaguzi, lakini papa anasema hakuwa na wengi. Nani anasema kweli?

Papa yako na kitabu wote wawili, mwanangu. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na viti 137. MNC ya Lumumba ilipata 33. Ndicho kilikuwa chama kikubwa kuliko vyote, lakini nusu ya 137 iko mbali sana na 33. Ilibidi kutafuta vyama washirika: PSA ya Gizenga, CEREA ya kule Kivu, Balubakat ya Waluba wa huku kwetu Katanga, na vingine vidogo.

Waziri wa Ubelgiji aliyeletwa kusimamia mambo, Ganshof van der Meersch, alimpa kwanza Kasa-Vubu kazi ya kuunda serikali. Ikashindikana. Kisha Juni 21 wabunge walichagua spika, na mtu wa MNC, Joseph Kasongo, akashinda. Hapo ikaonekana wazi kura ziko upande gani, kazi ikapewa Lumumba. Usiku wa kuamkia Juni 24 serikali yake ikapitishwa kwa kura 74, tano tu juu ya nusu. Siku hiyohiyo mabaraza mawili ya bunge yakamchagua Kasa-Vubu kuwa rais. Huo ulikuwa ubadilishanaji: wewe chukua kiti cha rais, mimi nichukue serikali. Ulidumu mpaka Septemba 5, Kasa-Vubu alipomfukuza Lumumba redioni, Lumumba naye akaingia redioni kumfukuza Kasa-Vubu. Kanali Mobutu wa jeshi akawanyamazisha wote wawili Septemba 14.

Je, wamama walipiga kura mwaka 1960?

Hapana. Wanaume tu, kuanzia miaka 21. Haki ya kura kwa wanawake ilikuja 1967, na hapo Sophie Kanza alikuwa ameshakuwa waziri tangu 1966. Nchi ilikuwa na mama kwenye serikali kabla wamama hawajapewa kadi ya kura.

Baba mkubwa alifanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi, na anasema Katanga ilijitenga kwa sababu ya shaba, hakuna lingine. Unasemaje? (kutoka Katuba)

Mpe baba mkubwa heshima yake, shaba ilikuwemo. Sehemu kubwa ya mapato ya koloni ilitoka huku, na Union Minière ililipa kodi zake kwa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, badala ya Léopoldville. Bila fedha hizo na bila maofisa wa Kibelgiji, kujitenga kusingemaliza mwezi. Ila kama ni shaba tu, kwa nini Katanga kaskazini, nayo ni Katanga, ilimpinga Tshombe kwa silaha? Jibu liko kwenye uchaguzi wa jimbo, ambao watu wengi wameusahau.

Mwezi Mei 1960 CONAKAT, chama cha Tshombe, ilipata viti 25 kati ya 60 vya Baraza la Jimbo. Kartel (muungano wa vyama) ya Balubakat, chini ya Jason Sendwe, ilikuwa nyuma yake kwa viti vichache sana. Sheria ya Msingi, ile loi fondamentale iliyopitishwa na bunge la Ubelgiji Mei 19, ilitaka theluthi mbili za wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Watu wa Sendwe walijua kwamba wakiingia watamezwa, wakakaa nje. Kikao kikakwama. Wakati huo walikuwa na hoja: waligombana na CONAKAT tangu 1959, walipotoka chamani wakiona kinawatenga Waluba.

Bruxelles ikafanya nini? Juni 15, siku 15 tu kabla ya uhuru, ikaibadilisha sheria, theluthi mbili ikafutwa, ikatosha nusu. Kesho yake Tshombe akawa mkuu wa jimbo na serikali ikajaa watu wake. Kubadilisha kanuni mpira ukiwa umeshaanza kuchezwa, na anayebadilisha ni refa! Mimi naona hapo ndipo Katanga ilipasuka, kabla ya Julai 11, siku ya kujitenga. Sendwe na watu wake hawakuona tena sababu ya kutii serikali ya Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Tshombe naye aliona Léopoldville imemnyima alichotaka, kwa kuwa kwenye serikali ya Lumumba CONAKAT ilipewa wizara ya Uchumi, ya Joseph Yav, na nafasi ndogo, basi. Jeshi lilipoasi, askari wa Ubelgiji wakatua hapa Julai 10, kesho yake jioni Tshombe akatangaza kujitenga. Julai 12 Kasa-Vubu na Lumumba walikuja kwa ndege waone wenyewe. Munongo, waziri wa Tshombe, na maofisa wa Kibelgiji wakakataa wasitue uwanja wa ndege wa Luano. Hakuna nchi iliyoitambua Katanga rasmi, na Januari 1963 ikaisha. Mwaka uliofuata Tshombe huyohuyo akawa waziri mkuu wa Kongo nzima, jambo ambalo hata leo linawachekesha wazee wa pande zote mbili.

Kwa nini Tanganyika ilitulia na sisi tukawaka moto?

Haikutulia kabisa, jeshi lake nalo liliasi Januari 1964 na Nyerere akalazimika kuita askari wa Uingereza. Tofauti kubwa ni ngazi. Nyerere aliongoza serikali ya ndani tangu Septemba 1960, zaidi ya mwaka kabla ya uhuru wa Desemba 9, 1961. Kwetu uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima wa wabunge ulifanyika Mei, uhuru ukaja Juni. Waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30. Na Force Publique, jeshi la koloni, haikuwa na ofisa hata mmoja Mwafrika. Mkuu wake, Janssens, aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Wakaasi. Lumumba akamfukuza Janssens, akamweka Victor Lundula, aliyekuwa sajini wa vita vya 1940-1945 na meya wa Jadotville. Watu wa Likasi, mmepata jina la pili.

Katiba ya kwanza iliyoandikwa na Wakongo wenyewe ni ipi?

Ni ile ya Luluabourg. Iliandikwa Luluabourg, Kananga ya leo, ikapigiwa kura ya maoni katikati ya 1964 na kuanza kazi Agosti 1. Mpaka hapo tulitumia sheria ya Bruxelles. Mobutu aliipindua serikali Novemba 24, 1965, kwa hiyo haikufika hata mwaka mmoja na nusu.