Hoja, muswada au azimio: mbunge amepeleka nini bungeni?

SWALI: Gazeti moja liliandika kwamba mbunge "amewakilisha muswada binafsi" wa kuitaka Serikali ifute riba kwenye mikopo ya wanafunzi wa vyuo. Redioni nikasikia kwamba alichopeleka ni hoja binafsi. Mwenzangu naye anasema kinachosubiriwa ni azimio la Bunge. Je, haya ni majina matatu ya kitu kimoja? Na kama mikopo ya wanafunzi ni jambo la umma, kwa nini hoja yenyewe iitwe binafsi?

JIBU: Ni vitu vitatu, ndugu msomaji, na mwandishi anayevichanganya huwaahidi watu jambo ambalo mbunge hakuliahidi. Redio ilikuwa sahihi, mwenzako naye yuko sahihi, na gazeti lilikosea mara mbili katika maneno matatu.

Tuanze na hoja. Asili yake ni Kiarabu, hujja, yaani ushahidi au sababu ya kuthibitisha jambo. Maana hiyo tunayo bado katika mazungumzo ya kila siku. Tunasema mtu amejenga hoja, mwenzake ameipangua, na tunataka watu washindane kwa nguvu ya hoja, si kwa hoja ya nguvu. Bungeni, hata hivyo, neno limebanwa. Hoja ni pendekezo ambalo mbunge au waziri analitoa rasmi ili Bunge lilifanyie uamuzi, na uamuzi huo ndio unaoitofautisha na mazungumzo mengine. Mbunge anaweza kusimama akatoa takwimu nzito juu ya riba na kuwatetea wanafunzi mpaka ukumbi ukapiga makofi, lakini kama hakuna kilichowekwa mbele ya Bunge kiamuliwe, amechangia tu. Mwingine anaweza kusema sentensi chache zisizo na ushahidi wowote, akamalizia na "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja", mwenzake akaafiki. Huyo wa pili ndiye aliyetoa hoja, hata kama kwa maana ya mtaani hana hoja.

Sikiliza pia namna shughuli inavyofungwa katika Bunge la Tanzania. Mjadala ukiisha, Spika "huwahoji" wabunge, wanaoafiki waseme ndiyo na wasioafiki waseme siyo. Kumbukumbu rasmi huandika kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Kuhoji na hoja ni ndugu wa damu: hoja ni jambo ambalo Bunge linahojiwa kulihusu. Ukilishika hilo, huwezi tena kuita kila hotuba kali hoja.

Bunge likishaafiki, kinachozaliwa ni azimio. Neno hili linatokana na kuazimu, kukusudia kwa dhati, na Watanzania wanalijua vizuri tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, ingawa lile lilikuwa la chama, TANU, si la Bunge. Hoja ni ya mtoa hoja. Azimio ni la Bunge zima, wakiwamo waliosema siyo. Kwa hiyo usiandike kwamba mbunge fulani "amepitisha azimio". Yeye ametoa hoja, na Bunge ndilo lililoazimia.

Muswada ni kitu kingine kabisa. Nao umetoka Kiarabu, kwenye neno lenye maana ya rasimu, ndiyo maana hata andiko la kitabu ambacho hakijachapishwa huitwa muswada. Tanzania huandika muswada na Kenya mswada. Yote ni Kiswahili sanifu, na wingi wake ni miswada. Bungeni muswada ni rasimu ya sheria. Kwa mujibu wa ibara ya 97 ya Katiba ya Tanzania, Bunge hutunga sheria kwa kujadili na kupitisha miswada, na muswada hauwi sheria mpaka upitishwe na Bunge na ukubaliwe na Rais. Azimio la kawaida halina safari hiyo. Ni kauli ya Bunge kwa Serikali: tunataka mfanye hivi.

Naelewa kwa nini waandishi huteleza. Muswada wenyewe husafiri juu ya mgongo wa hoja: waziri hutoa hoja kwamba muswada wake sasa usomwe mara ya pili. Kwa hiyo siku ya muswada unasikia neno hoja mara nyingi, na anayesikiliza kwa haraka hudhani ni visawe. Lakini kila muswada unahitaji hoja ili usogee, ilhali hoja nyingi hazina muswada wowote ndani yake.

Kuna njia ya kuvitambua kwa sikio, nami naipenda kwa sababu inatoka ndani ya sarufi yetu. Sikiliza kitenzi. Hoja na azimio husema kwa matakwa: kwamba Serikali ifute riba, iunde kamati, ilete taarifa. Kitenzi hakina alama ya wakati, na kama ni cha Kibantu huishia na -e. (Vitenzi vya asili ya Kiarabu kama kujadili na kuruhusu havibadilishi mwisho, ila bado wakati haumo: ijadili, iruhusu.) Lugha ya sheria haiombi wala haitaki. Inatangaza, na Kiswahili hufanya hivyo kwa -ta-. Katiba inasema, "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano", haisemi awepo. Sheria za adhabu zinasema mtu atakayefanya jambo fulani atakuwa ametenda kosa. Ukisoma habari ikasema mbunge anataka Serikali ifute riba, umeshajua kwamba ni hoja, hata kama mwandishi ameiita muswada. Kama angepeleka muswada, maneno yake yangekuwa ya namna hii: mkopo hautatozwa riba.

Tofauti hii si ya darasani tu. Mwezi Agosti 1993 wabunge 55, akiwamo Njelu Kasaka, walipeleka hoja ya kutaka iundwe Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Bunge liliikubali. Mtu akiandika kwamba mwaka huo Bunge "lilipitisha sheria ya kuunda Serikali ya Tanganyika", amepotosha historia, kwa sababu hakuna sheria iliyopitishwa. Lilikuwa azimio, mwaka uliofuata mambo yakageuzwa, Katiba haikubadilishwa, na muundo wa serikali mbili unaendelea. Neno moja lisilo mahali pake lingemfanya kijana wa leo aitafute sheria ambayo haikuwahi kuwapo.

Lakini tusidharau azimio kwa kuwa si sheria. Katiba ikilipa meno, linauma. Ibara ya 53A inaruhusu hoja ya kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, ikiungwa mkono kwa saini za wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote, na taarifa yake ifike kwa Spika angalau siku 14 kabla. Ikipita, Waziri Mkuu lazima ajiuzulu. Nchini Kenya, Oktoba 2024, Mwengi Mutuse, mbunge wa Kibwezi Magharibi, alitoa hoja ya kumtimua Naibu Rais Rigathi Gachagua. Bunge la Taifa likaikubali kwa kura 281, kisha Seneti ikakamilisha kazi. Kuiita ile "mswada wa kumtimua Gachagua" ni kosa, maana haukuwapo mswada wowote. Ilikuwa hoja, na nguvu yake ilitoka kwenye Katiba.

Sasa neno binafsi, ambalo naona ndilo lililokutatiza zaidi. Katika hoja binafsi, neno hili halielezi mada bali mwenye hoja. Maana yake ni kwamba mbunge ameitoa kwa nafasi yake mwenyewe, si kwa niaba ya Serikali wala kamati. Mada karibu kila mara ni ya umma. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alipeleka hoja binafsi kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi, akitaka iundwe kamati teule. Je, kuna jambo la umma kuliko madini ya nchi? Hoja ilikataliwa na yeye akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa, lakini mwaka huohuo Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuichunguza sekta ya madini. Mwaka 2013 James Mbatia alipeleka hoja binafsi kuhusu udhaifu katika elimu, na John Mnyika kuhusu maji Dar es Salaam. Elimu, maji, madini: hakuna hata moja lililokuwa la nyumbani kwao.

Kisarufi, andika "hoja binafsi" bila -a unganifu, kama tunavyoandika sekta binafsi na shule binafsi. "Hoja ya binafsi" husikika hata kwa watu waliosoma, na haifai. Ukitaka kumtaja mwenyewe, sema hoja binafsi ya mbunge fulani. Upo pia muswada binafsi, ambao ni rasimu ya sheria iliyoletwa na mbunge asiye waziri. Kwa hiyo gazeti lako halikubuni istilahi, lilichukua ya jambo jingine.

Kosa lake la pili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa limeenea mno: "amewakilisha". Kuwakilisha ni kusimama badala ya mwingine, kuwa wakili wake. Kuwasilisha ni kufikisha kitu mbele ya wanaokisubiri. Mbunge huwawakilisha wananchi na huwasilisha hoja. Anayeandika kwamba mbunge amewakilisha hoja anasema mbunge amekuwa wakili wa hoja, na anayeandika kwamba mbunge anawawasilisha wananchi amewafanya wananchi mzigo wa kufikishwa Dodoma.

Chunga pia kitenzi kutoa. Kwa kawaida kutoa ni kuleta nje na pia ni kuondoa: nimetoa pesa, nimetoa taka. Bungeni kutoa hoja ni kuileta tu. Mbunge akibadili nia, ameiondoa hoja yake, au ameirudisha, lakini hakuitoa. Na hoja ikisogezwa mbele mpaka siku nyingine, mjadala umeahirishwa. "Kuhairishwa" ni makosa ya tahajia hata kama redio nzima inalitamka hivyo.

Mwisho, kwa kuwa unasikiliza redio za nchi zote mbili: ukimsikia mbunge wa Kenya akisema "hoja ya nidhamu, Bwana Spika", usitafute pendekezo lolote wala usingoje kura. Anadai utaratibu wa kikao umevunjwa. Mwenzake wa Tanzania angesimama na kusema "kuhusu utaratibu". Hapo hoja imerudi kwenye maana pana ya jambo la kusemwa, na Spika hulitolea uamuzi mwenyewe bila kumhoji mbunge yeyote.